Lenzi Nazo Zilikimbia

Wapiga picha wa kambini wakikutana, iwe Nakivale, Kakuma au Nyarugusu, mazungumzo hayakawii kufika pale pale: nina hela kidogo, ninunue lenzi gani? Mmoja atasema ile iliyokuja na kamera inatosha. Mwingine atasema tafuta ile fupi ya 50, nyingine zote ni kupoteza hela. Wa tatu ana Helios ya Kirusi aliyoipata kwa muuza vitu vilivyotumika, nzito kama jiwe la kusagia, na haachi kuisifu. Watabishana hivyo mpaka usiku.

Ubishi huo ni mzuri, ila una pengo moja. Tunaongea juu ya bei na ukali wa picha kana kwamba lenzi zilianguka toka mbinguni na bei zake zimeshabandikwa. Hatuulizi kwa nini lenzi moja ya bei ya chini hutoa sura safi kuliko nyingine iliyouzwa mara tatu yake. Hatuulizi nani alilipia ile akili iliyomo ndani ya kioo. Mimi naishi kwa picha za paspoti, kwa hiyo swali hili nimekaa nalo muda mrefu. Na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyokutana na watu wanaofanana na sisi: watu waliopakiwa kwenye malori, viwanda vilivyofunguliwa skrubu kwa skrubu na kuhamishwa, majina yaliyokatazwa kutumika. Lenzi nafuu tunayoshika leo ilipita ukimbizini kabla yetu. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia, halafu mwishoni turudi kwenye swali la hela.

Hesabu za askari wa mizinga

Mwaka 1839 Ufaransa ilitangaza ufundi wa Louis Daguerre wa kunasa picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Dunia ikashangaa. Lakini lenzi ya wakati ule, ya fundi Charles Chevalier wa Paris, ilikuwa na tundu dogo, karibu f/15. Mwanga ulipita kwa tabu. Mtu aliyetaka picha alikaa juani dakika kadhaa bila kutikisika. Kwa majengo na sanamu ilifaa sana, maana majengo hayachoki. Kwa sura ya binadamu ilikuwa mateso.

Mwaka uliofuata, mjini Vienna, profesa wa hesabu aitwaye Joseph Petzval alilitazama tatizo kwa njia nyingine. Petzval alizaliwa katika mji mdogo ambao leo uko Slovakia. Mafundi wa wakati wake walitengeneza lenzi kwa kujaribu-jaribu: saga kioo, tazama, saga tena. Yeye alipiga hesabu kwanza, mwale baada ya mwale. Kazi ilikuwa kubwa kiasi kwamba alipewa askari wa kikosi cha mizinga wa jeshi la Austria wamsaidie, kwa sababu hao walizoea kukokotoa njia ya risasi angani. Hesabu za kuua zikageuka hesabu za kuona.

Lenzi iliyotoka ilikuwa na tundu la karibu f/3.6. Iliingiza mwanga zaidi ya mara 15 ya ile ya Chevalier. Sasa mtu aliweza kukaa sekunde tu, akabaki na uso wake wa kawaida. Mtengenezaji Voigtländer aliiuza sana; Petzval mwenyewe alilipwa mara moja tu, na wawili hao wakaishia kugombana. Haki ya uvumbuzi ililindwa ndani ya Austria peke yake, kwa hiyo mafundi wa nchi nyingine wakainakili bila kuomba ruhusa.

Angalia mambo mawili hapa. Kwanza, lenzi ya Petzval ilikuwa kali katikati tu; pembeni picha ilififia na kuzunguka kama maji kwenye beseni. Hata hivyo watu waliipenda, kwa sababu uso ulikuwa katikati. Yaani tangu mwanzo kabisa, ukali ulipimwa kwa kazi inayofanywa. Pili, aliyepiga hesabu siye aliyetajirika. Mambo haya mawili yatajirudia.

Vioo vitatu, vioo vinne

Ndani ya lenzi kuna vipande kadhaa vya kioo. Kipande kimoja peke yake hakiwezi kutoa picha safi: rangi zinaachana, kingo zinapinda, katikati inakuwa kali na pembeni panakuwa uji. Kila kipande kinachoongezwa kinasahihisha kosa la mwenzake. Basi ungedhani vipande vingi ndiyo dawa. Hapana. Kila upande wa kioo unaogusana na hewa hurudisha nyuma kama asilimia 4 au 5 ya mwanga. Lenzi yenye pande 8 za namna hiyo hupoteza zaidi ya robo ya mwanga, na mwanga uliorudishwa haupotei, unazurura humo ndani na kuifanya picha iwe kama imefunikwa na moshi. Nyeusi haiwi nyeusi tena.

Kwa hiyo wachoraji wa lenzi walikuwa wabahili wa vioo, na ubahili wao ndio uliotufaa sisi watu wa kipato kidogo. Mwaka 1893 Mwingereza H. Dennis Taylor, aliyefanya kazi katika kampuni ya Cooke mjini York, alionyesha kwamba vipande 3 tu, vikipangwa kwa akili, vinaweza kusahihisha makosa yote makubwa. Mpango huo wa vioo vitatu uliingia katika kamera nyingi za bei ya chini za karne ya 20, mpaka ile Smena ndogo ya plastiki ya Leningrad.

Mwaka 1902 ikaja ya vioo 4. Ilitoka Jena, mji wa Ujerumani ambako Carl Zeiss alifungua karakana yake, Ernst Abbe akaleta hesabu, na Otto Schott akaleta aina mpya za kioo. Mchoraji wao Paul Rudolph aliiita Tessar, jina linalotokana na neno la Kigiriki la nne. Matangazo yakaisifu kuwa jicho la tai la kamera yako. Haikuwa na tundu kubwa, lakini ilikuwa kali toka kona hadi kona, na ilitengenezeka kwa gharama ya wastani. Haki ya Zeiss ilipokwisha muda, kila mtu akaichukua. Warusi wakaiita Industar.

Huyo huyo Rudolph alikuwa ameshachora, mwaka 1896, lenzi ya vioo 6 iliyoitwa Planar: vitatu mbele, vitatu nyuma, kama vinatazamana kwenye kioo cha kinyozi. Kwenye karatasi ilikuwa bora kuliko Tessar. Kwenye kamera ilishindwa na ule moshi wa mwanga unaozurura. Mchoro mzuri ukakaa pembeni miaka mingi, ukisubiri dawa.

Dawa ilipatikana Jena hapo hapo, mwaka 1935. Mwanafizikia wa Zeiss aitwaye Alexander Smakula, mzaliwa wa Ukraine, alibuni namna ya kupaka kioo utando mwembamba sana unaozuia mwanga usirudi. Ule mng'ao wa zambarau au wa kijani unaouona ukiinamisha lenzi yako, ndio mjukuu wa kazi yake. Jeshi la Ujerumani liliifanya siri ya vita. Ikabaki kwenye darubini za askari.

Malori ya Jena

Hapa ndipo historia ya lenzi inapogeuka historia ya watu kuhamishwa.

Ilianza kabla ya vita yenyewe. Mkuu wa Zeiss Ikon, kiwanda cha kamera kule Dresden, alikuwa Emanuel Goldberg, Myahudi mzaliwa wa Moscow. Mwaka 1933, Wanazi walipoingia madarakani, aliviziwa, akatekwa na kulazimishwa kujiuzulu. Akakimbilia Paris, na mwaka 1937 akahamia Palestina, akaanza upya na karakana ndogo. Kamera ya Contax, ambayo ilizaliwa wakati wa uongozi wake, iliendelea kuuzwa bila yeye.

Aprili 1945 majeshi ya Marekani yaliingia Jena. Lakini wakubwa walikuwa wameshagawana ramani: Jena ingekabidhiwa kwa Wasovieti mwanzoni mwa Julai. Wamarekani hawakutaka akili ya Zeiss ibaki na mji. Basi mwezi Juni makumi ya wakuu na wataalamu wa Zeiss, pamoja na familia zao, walipakiwa kwenye malori ya jeshi na kupelekwa Heidenheim, kusini-magharibi. Mafundi wa kioo wa Schott nao wakachukuliwa. Haukuwa msafara wa hiari. Smakula naye alichukuliwa na Wamarekani, akavushwa bahari, akamalizia maisha yake ya kazi Marekani. Waliopelekwa Heidenheim walianza kiwanda mwaka 1946 mahali padogo paitwapo Oberkochen. Wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Oberkochen ilipona kweli: mpaka leo ndiyo makao makuu ya Zeiss.

Waliobaki Jena hawakubaki kwa amani. Tarehe 22 Oktoba 1946 Wasovieti walikusanya wataalamu wa Kijerumani kutoka eneo lote walilolitawala, mamia yao kutoka Zeiss, wakawapandisha treni na familia zao kwenda Urusi. Wengi walirudi miaka ya mwanzo ya 1950. Mashine nazo zilifunguliwa na kupakiwa kama fidia ya vita. Fidia hiyo ilikuwa na sababu yake, maana Ujerumani ilikuwa imeteketeza miji ya Kisovieti. Lakini aliyeamshwa alfajiri na kuambiwa panda treni alikuwa fundi na watoto wake. Mitambo ya Contax ikaishia Kiev, kwenye kiwanda cha Arsenal, na kamera ile ile ikaanza kutoka ikiitwa Kiev.

Sasa zikawa Zeiss mbili, moja Mashariki na moja Magharibi, na zote zikadai jina. Wakapelekana mahakamani miaka na miaka, mpaka walipoafikiana London mwaka 1971. Matokeo yake unaweza kuyasoma kwenye lenzi zenyewe. Lenzi za Jena zilizouzwa nchi za Magharibi zilinyimwa majina yake ya kuzaliwa. Tessar iliandikwa T tu. Biotar ikaandikwa B. Mahali pa Carl Zeiss pakaandikwa "aus Jena", yaani "kutoka Jena". Jina la ukoo likaondolewa, likabaki jina la ulikotoka. Mtu ambaye jina lake liliandikwa vibaya siku ya kusajiliwa, na likabaki hivyo hivyo kwenye kadi ya mgawo mpaka leo, hahitaji kuelezewa zaidi.

Watoto wa Jena kwa majina mengine

Ile Helios anayoisifu rafiki yetu, nzito kama jiwe, ni ya ukoo huu. Helios-44 ya milimita 58, f/2, ilinakiliwa kutoka Biotar ya Jena, lenzi ya Willy Merté, ambayo nayo ni ya ukoo wa Planar: vioo 6 vinavyotazamana. Wasovieti waliitengeneza kwa mamilioni kuanzia mwaka 1958 na kuendelea, wakiifunga kwenye kamera za Zenit. Jupiter-8 nayo ni Sonnar ya Ludwig Bertele, iliyotoka kwa mara ya kwanza na Contax mwaka 1932. Bertele alishinda ule moshi wa mwanga kwa kubandika vioo vyake pamoja, hewa isipate pa kupita katikati. Zile za kwanza za Kisovieti zilitengenezwa kwa kioo kilicholetwa kutoka Ujerumani. Kilipokwisha, wachoraji wakapiga hesabu upya kwa kioo cha nyumbani.

Je, zilikuwa kali kama wazazi wao? Nyingine ndiyo, nyingine hapana. Mchoro ulikuwa ule ule, ila kiwanda kilipimwa kwa wingi, na kioo kikikaa kimepinda kidogo tu ndani ya bomba lake, upande mmoja wa picha unafifia. Ndiyo maana watu wawili wenye Helios za namba ile ile wanabishana na wote wanasema kweli. Ukinunua lenzi ya namna hii, unanunua ile moja uliyoishika mkononi. Sifa za jina hazikusaidii.

Mtoto mwingine wa Jena alikulia Japani. Kampuni ya Nippon Kogaku ilianzishwa mwaka 1917, na mwaka 1921 ilileta mafundi 8 wa Kijerumani wafundishe. Vita vilipokwisha, Japani ilikuwa imeshindwa na maskini, na bidhaa zake zilijulikana kwa urahisi wa bei na ubovu. Halafu mwaka 1950 mpiga picha kijana wa Kijapani, Jun Miki, alimpiga picha mwenzake Mmarekani, David Douglas Duncan wa jarida la Life, akitumia lenzi ya Nikkor ya milimita 85. Duncan alipoiona picha imekuzwa alishangaa. Alikwenda kiwandani, lenzi zikapimwa kwa kurusha picha zake ukutani, zikashindanishwa na zile za Kijerumani alizozibeba. Akazibadilisha. Vita vya Korea vilipoanza mwezi Juni mwaka huo, alikwenda na lenzi za Nikkor kwenye Leica yake ya Kijerumani. Mwezi Desemba gazeti la New York Times likaandika habari za lenzi hizi za Japani, na jina likabadilika dunia nzima.

Na ile Nikkor ya milimita 85 ilikuwa ya ukoo gani? Sonnar, ya Bertele. Kumbe hesabu ile ile ilikuwa imeondoka Ujerumani, ikaingia Kiev na Tokyo, na kila mahali ilipofika ilitengenezwa na watu waliokuwa wanajijenga upya baada ya kuangamia.

Kwa nini ile ya 50 ni rahisi

Sasa tunaikaribia meza ya muuzaji. Mwaka 1987 Canon ilitoa lenzi ya milimita 50, f/1.8, ya kamera zake mpya. Mwaka 1990 ikatoa toleo la pili, ambalo hata sehemu ya kujifungia kwenye kamera ilikuwa plastiki tupu. Gramu 130. Watu waliicheka, wakaiita kichezeo. Ndani yake kulikuwa na vioo 6, mpango ule ule wa mwaka 1896, sasa vimepakwa ule utando wa 1935. Ikauzwa robo karne. Mwaka 2015 ikarithiwa na toleo la STM, lenye mguu wa chuma, lililotangazwa Marekani kwa dola 125. Huko China, Yongnuo wa Shenzhen alikuwa ameshatoa nakala ya bei ya chini zaidi. Nakala ya mrithi wa nakala, unaona?

Urahisi wake una sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu yenyewe. Kamera ya kioo cha kuinuka inahitaji nafasi ya milimita 40 na zaidi nyuma ya lenzi ili kioo kipate pa kunyanyukia. Lenzi ya 50 inakaa hapo bila shida. Lenzi pana ya 24 au 28 haikai. Lazima iongezewe vioo vya kuisukuma picha nyuma, na kila kioo ni hela. Lenzi ya kuvuta, kama ile 18-55 iliyoanza kuuzwa pamoja na kamera za Canon mwaka 2003, ina vioo vingi zaidi na vinatembea humo ndani. Ili iwe ya bei ya chini, ni lazima kitu kikatwe, na kinachokatwa ni tundu. Sababu ya pili ni historia niliyoisimulia. Gharama ya kuifikiria lenzi ya 50 ililipwa zamani, na Petzval na askari wake, na Rudolph, na Smakula, na watu wa malori na treni. Sisi tunalipia plastiki, kioo na usafiri.

Hela yako iende wapi

Bon, tulinganishe sasa, kwa kazi yetu hasa.

Picha ya paspoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapishwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji nukta kama 413 kwa 531. Kamera yoyote ya siku hizi inatoa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo mchana, mlangoni pa studio, mteja amekaa kivulini na lenzi iko f/8, ile 18-55 iliyokuja na kamera inatosha kabisa. Ukichapisha picha yake na ya lenzi ya 50 kwa saizi hiyo, hakuna karani atakayezitofautisha. Usikope hela kwa ajili ya tofauti isiyoonekana.

Tofauti inaanza jua likishuka. Lenzi ya 18-55 ikivutwa mpaka 55 inaishia f/5.6. Ile ya 50 inafunguka mpaka f/1.8, na hiyo ni karibu mara 10 ya mwanga. Ndani ya nyumba ya udongo yenye dirisha moja, pale ambapo 18-55 inataka moja ya kumi ya sekunde, 50 inachukua moja ya mia. Mtoto hawezi kutulia moja ya kumi ya sekunde, na mkono wako pia hauwezi. Picha nyingi tunazosema lenzi yake si kali, lenzi haina kosa: ni mkono uliotikisika, au fokasi iliyokaa kwenye sikio badala ya jicho. Mwanga wa kutosha unatibu zaidi ya kioo cha bei kali. Ukiweza, funga tundu kidogo: karibu kila lenzi ya 50 ni laini kidogo kwenye f/1.8, inakuwa safi kwenye f/2.8, na kwenye f/4 au f/5.6 inakata kama wembe. Ukizidisha mpaka f/16 na kuendelea, picha inaanza tena kulegea.

Lakini 50 ina ukomo wake. Kwenye kamera ndogo za kawaida inabana. Kichwa na mabega utahitaji kama mita 1 na nusu, hiyo chumba kinaruhusu. Mtu mzima toka kichwani mpaka miguuni utahitaji mita 4 na zaidi, na hapo mgongo wako utagonga ukuta. Harusi, ubatizo na picha za familia bado zinaidai ile 18-55. Ndiyo maana ushauri wa kuuza 18-55 ili ununue 50 siukubali. Zikae zote mbili, ya pili inunuliwe ikipatikana hela.

Helios na ndugu zake zinafaa kwa mwenye subira. Fokasi ni ya mkono, tundu ni la mkono. Kwenye Canon unaweka pete ya kuunganisha na inafanya kazi mpaka mbali kabisa. Kwenye kamera za Nikon za kioo cha kuinuka pete ya kawaida haitakuruhusu kufokasi mbali, kwa hiyo usinunue kwa haraka. Na mwenye Nikon aangalie jambo lingine: lenzi ya 50 f/1.8D haijifokasi yenyewe kwenye kamera ndogo kama za mfululizo wa D3000, kwa sababu kamera hizo hazina mota ndani. Wauzaji wengi hawasemi.

Ukifika kwa muuzaji, ielekeze lenzi kwenye mwanga na uchungulie ndani. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi-nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Iache hapo hapo, hata kwa bei ya chumvi. Fungua na kufunga tundu, tazama kama vile visahani vina mafuta au vinagoma. Halafu bandika gazeti ukutani, weka kamera juu ya meza, piga kwenye tundu kubwa na kwenye f/5.6, kuza kona zote 4. Kona moja ikififia kuliko wenzake hata kwenye f/5.6, kuna kioo kimekaa vibaya. Kazi yote dakika 10. Muuzaji akikataa usijaribu, ameshakujibu.

Ukali ni wa nini

Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alikuwa na njia yake ya kupata ukali kwa hela kidogo. Alitumia kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18, akachapa picha kwa kulaza filamu moja kwa moja juu ya karatasi, bila kukuza. Picha isiyokuzwa haipotezi kitu. Wateja wake walitaka kadi ya kuwapa jamaa. Leo filamu zile zinakuzwa kufunika ukuta mzima wa jumba la makumbusho, na bado unahesabu maua ya kitambaa. Hakuna mteja wake aliyelipia ukuta. Ukali ulikuwepo tayari siku ulipohitajika.

Kwetu siku hiyo huja kwa namna nyingine. Baada ya 1994, watoto wengi wa Rwanda walipotezana na wazazi wao njiani na katika kambi za nchi jirani. Mashirika kama Msalaba Mwekundu na UNICEF yalitumia picha kuwatafutia jamaa: mtoto akapigwa picha na kupewa namba, na picha zikabandikwa kwenye mbao mahali ambapo watu wangepita na kutazama. Wadogo kabisa hawakujua jina la baba wala la kijiji. Walichokuwa nacho ni uso. Mama aliyesimama mbele ya ubao ule hakutafuta picha nzuri, alitafuta kovu juu ya nyusi, umbo la sikio, pengo la jino. Kama picha imefifia, kovu halipo.

Nimesema paspoti inahitaji nukta 413 kwa 531 tu, na ni kweli. Lakini wengi wetu tuliondoka nyumbani bila albamu. Ile paspoti ya kadi ndiyo picha ya pekee ya mtu huyo, na siku moja watoto watakuja wakisema tunaomba uikuze, tuiweke mbele ya jeneza. Kila mpiga picha wa kambini ameshaletewa kakaratasi kaliyokunjika, akajaribu kukakuza, akaona uso unayeyuka kuwa madoa. Wakati huo huwezi kurudi nyuma ukafokasi kwenye jicho.

Kwa hiyo piga paspoti kana kwamba itakuzwa. Fokasi jichoni, tundu f/4 kama mwanga unaruhusu, kamera isitikisike, kioo kifutwe kwa kitambaa safi na si kwa shati. Na faili usilifute mteja akishaondoka; litunze, liandike tarehe na jina lake, lile jina sahihi analojiita mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji lenzi ya bei kali. Inahitaji ile ya 50, au ile iliyokuja na kamera, na mtu anayejua kwamba kioo alichoshika kimetoka mbali.